Kesi Iko Barazani, Kodi Je?

Swali linalosumbua fremu za Benaco, Kabanga, Lusahunga na Nyakanazi ni hili: mwenye nyumba amenipa notisi ya kuhama, nimeipinga, shauri liko barazani, kodi ya mwezi huu nalipa au silipi? Wapo wapangaji wanaoacha kulipa siku ileile ugomvi unapoanza. Wapo wenye nyumba wanaokataa kupokea, na wengine huja usiku na kufuli jipya. Shauri likija kuamuliwa, mwaka umepita au zaidi, na hata aliyeshinda hoja ya notisi anaweza kujikuta na deni la kodi linalozidi thamani ya mali iliyomo dukani.

Wilaya za Ngara na Biharamulo zina sababu zake za kugombana juu ya fremu. Ngara inapakana na Rwanda pale Rusumo na Burundi pale Kabanga. Biharamulo ina njia panda za Lusahunga na Nyakanazi, ambako malori ya kwenda Kigali, Bujumbura na Kigoma husimama watu wakala, wakalala, wakatengeneza magari. Biashara ya hapa hupanda na kushuka kwa mambo ambayo mwenye duka hana uwezo nayo. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi kama robo milioni kutoka Rwanda walivuka Rusumo kwa muda wa saa 24 hivi, Benaco ikageuka jiji la mahema. Kufikia mwisho wa Desemba 1996 walikuwa wameondoka. Aprili 2016 kituo cha pamoja cha forodha kilizinduliwa Rusumo. Mei 2020, masharti ya korona yaliyotaka madereva wabadilishane mpakani yalizua mvutano na kuyasimamisha malori. Kisha ukaja mkataba wa Januari 2021 kuhusu nikeli ya Kabanga, na matumaini yake. Kila wimbi la namna hii huacha nyuma yake mwenye nyumba anayetaka kupandisha kodi na mpangaji asiyetaka kuhama sasa biashara ilipoanza kulipa.

Nimewapa nafasi watu wa aina tano wazungumze. Ni sauti za hoja, si za watu fulani, na kesi wanayobishania ni ya mfano. Fremu iko Benaco. Mkataba wa mwaka mmoja uliandikwa, ukaisha, mpangaji, mama mwenye duka, akaendelea kulipa shilingi 150,000 kila mwezi na mwenye fremu, mzee, akapokea kwa miezi saba. Kisha mzee akataka 250,000. Mama akakataa. Mzee akampa notisi ya siku saba.

MWENYE FREMU: Mimi sina ng'ombe wala shamba la kahawa. Nina fremu nne nilizojenga kwa mkopo wa benki, na benki haijawahi kuniuliza kama nina kesi. Huyu mama amekwenda barazani, amepata zuio, nisimguse. Sawa, sijamgusa. Lakini anafungua saa moja asubuhi, anafunga saa tatu usiku, anauza kila siku ndani ya ukuta wangu, na shilingi yake sijaiona. Zuio limesema nisimtoe. Limesema akae bure?

MPANGAJI: Baba, mbele ya watu hawa naomba tusemezane kwa haki. Mwezi wa kwanza wa ugomvi nilikutumia kodi kwa simu, ukairudisha. Mwezi wa pili nikamtuma kijana na fedha taslimu, ukamwambia akanunulie soda. Leo unasema sijalipa. Halafu ile stoo ya nyuma niliijenga kwa fedha zangu, matofali na bati, na wewe ulikuwa ukipita unasema hongera. Na nilipoingia nilimpa kilemba mpangaji aliyekuwepo. Fedha yangu imelala pale. Notisi ya siku saba inawezaje kunitoa?

MWENYE FREMU: Niliirudisha kwa sababu niliambiwa nikiipokea tu, nimekubali uendelee kukaa, na notisi yangu imekufa.

MPANGAJI: Na mimi niliambiwa nikilipa tu, nimekubali kwamba una haki ya kunitoa. Ndiyo maana baada ya ile miezi miwili sikutuma tena.

Hapo ndipo penye kiini cha matatizo yote. Wote wawili wameshauriwa, na wote wameshauriwa vibaya. Mmoja anaogopa kupokea, mwingine anaogopa kutoa, na deni linakua katikati yao bila yeyote kulitaka. Tumsikilize mwanasheria.

MWANASHERIA: Tuanze na notisi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaruhusu upangaji wa mwaka mmoja au chini yake ufanywe hata kwa mdomo. Pasipo muda uliotajwa, upangaji huhesabiwa kwa kipindi cha kulipia kodi, na notisi isipungue kipindi hicho. Mama alilipa mwezi kwa mwezi kwa miezi saba, mzee akapokea. Kwa hiyo ana hoja nzuri kwamba siku saba hazitoshi na alistahili mwezi.

MPANGAJI: Nilisema.

MWANASHERIA: Subiri, mama, usifurahi mapema. Baraza likikubali kwamba notisi ni batili, maana yake upangaji wako haujawahi kukatika. Upangaji ulio hai una kodi. Sasa tuseme umeshindwa, baraza limesema notisi ilikuwa halali. Sheria hiyohiyo inasema mpangaji anayebaki ndani bila ridhaa ya mwenye nyumba baada ya upangaji kwisha, wajibu wake wote wa mkataba unaendelea mpaka siku atakapotoka. Wajibu wa kwanza wa mpangaji ni kodi. Ukishinda unadaiwa kodi, ukishindwa unadaiwa kodi. Hakuna mlango wa tatu ambao mtu anakaa, anauza, na hadaiwi.

MWENYE FREMU: Basi anidai mimi nini tena? Alipe 250,000 kwa miezi yote.

MWANASHERIA: Hapana, mzee wangu. Kinachoendelea ni wajibu wa mkataba uliokuwepo, na mkataba uliokuwepo ulisema 150,000. Zamani kulikuwa na Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya mwaka 1984. Ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo mwenye nyumba yuko huru kutaja kodi anayoitaka kwa upangaji mpya. Uhuru huo hauendi nyuma. Huwezi kupandisha kodi peke yako katikati ya upangaji halafu ukaita tofauti hiyo deni. Kama unaamini amekuzuia kupata mpangaji wa 250,000, hayo ni madai ya fidia. Utayathibitisha kwa ushahidi kwamba mpangaji huyo alikuwepo na bei hiyo ndiyo ya mtaa.

Tupige hesabu, kwa kuwa watu wengi hugombana bila kuipiga. Shauri likichukua miezi 14, kodi ya zamani ni shilingi 2,100,000. Kwa kodi mpya ingekuwa 3,500,000. Ugomvi halisi kati yao ni shilingi 1,400,000. Zile milioni mbili na laki moja hazina ubishi. Mama hajawahi kusema kodi ya zamani ni kubwa mno. Lakini kwa sababu ya tofauti ya laki moja kwa mwezi, laki na nusu isiyobishaniwa nayo imesimama. Naliona hili kuwa ndilo kosa kubwa zaidi katika migogoro ya fremu, kubwa kuliko notisi fupi na kuliko mikataba ya mdomo.

MPANGAJI: Na stoo yangu je? Nilitumia zaidi ya milioni. Kwa nini nisikate humo humo kwenye kodi mpaka iishe?

MWANASHERIA: Mlikubaliana kwa maandishi kwamba utakata?

MPANGAJI: Aliniona nikijenga.

MWANASHERIA: Kukuona si kukubali kulipa. Lipeleke dai la stoo barazani kama madai kinzani, pamoja na risiti za bati na saruji na mashahidi. Inawezekana ukapata kitu. Lakini ukikata mwenyewe, kwa kiasi ulichojipangia mwenyewe, utaonekana umeacha kulipa kodi, na hiyo ni sababu mpya kabisa ya kukutoa ambayo mzee hakuwa nayo mwanzoni. Watu wanaingia barazani na hoja nzuri ya notisi, wanatoka wameshindwa kwa hoja ya malimbikizo.

Hapa akadakia kijana mwenye kizimba katika soko la Biharamulo. Yeye mwenye nyumba wake ni halmashauri.

MPANGAJI WA SOKO: Nyinyi mnabishana na mzee mnayekutana naye msibani. Mimi nabishana na ofisi. Tulijenga vibanda kwa fedha zetu kwenye eneo la halmashauri, tukaambiwa tutakaa kwa kodi nafuu mpaka gharama zirudi. Amebadilika mkurugenzi, imebadilika bei. Nikienda kulipa ile ya zamani, mhasibu ananiambia mfumo unakubali namba ya malipo ya kiasi kipya tu. Nitaweka wapi kodi isiyobishaniwa?

MWANASHERIA: Wewe una mzigo mzito zaidi. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2020, anayetaka kuishtaki halmashauri hutoa notisi ya siku 90, humuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na shauri hufunguliwa Mahakama Kuu. Kwa mtu wa Biharamulo hiyo ni safari ya Bukoba. Ndani ya siku hizo 90 kodi inaendelea kuhesabika. Ushauri wangu: peleka barua ya kutaka kulipa kiasi cha zamani, igongwe muhuri wa kupokelewa, nakala ubaki nayo. Fedha yenyewe iweke kando benki kila mwezi, tarehe ileile. Siku ukisimama mbele ya jaji, taarifa ya benki itaonyesha kwamba hukukimbia wajibu.

MPANGAJI WA SOKO: Jaji atanielewa. Mgambo wa halmashauri ataielewa taarifa ya benki?

Sina jibu la kumridhisha kijana huyu, wala mwanasheria hakuwa nalo. Siku 90 ni muda unaofaa kwa ofisi inayojiandaa kujibu madai ya barabara au shule. Kwa mtu wa kizimba zinatosha kumaliza mtaji. Naamini halmashauri inayopangisha vibanda imeingia sokoni kama mwenye nyumba mwingine yeyote, na ilipaswa kushtakiwa kama mwenye nyumba mwingine yeyote. Mpaka sheria ibadilike, heshima ndogo ambayo kila mkurugenzi angeweza kuonyesha ni kumruhusu mpangaji alipe kiasi cha zamani huku mzozo ukiendelea, na kumwandikia risiti yenye maneno hayo.

Turudi Benaco. Tulimwomba mama mmoja, mjumbe wa Baraza la Kata, aeleze wanachokiona.

MJUMBE WA BARAZA: Wengi bado wanatujia wakidhani tutahukumu. Tangu mwaka 2021 kazi yetu kwenye migogoro ya ardhi ni kusuluhisha tu. Tukishindwa tunaandika cheti kwamba usuluhishi umeshindikana, na bila hatua hiyo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halisikilizi shauri. Siku 30 zikipita hatujamaliza, mlalamikaji anaruhusiwa kwenda. Sasa katika hizo siku 30 mimi huwa naanza na kodi, si na notisi. Namuuliza mzee: leo ukipokea 150,000 kwa karatasi inayosema wazi kwamba hujaondoa notisi yako, utapungukiwa nini? Namuuliza mama: ukilipa kwa karatasi inayosema hukubali notisi, utapungukiwa nini? Wanatazamana. Wengine wanasaini. Kuna siku tumemaliza mgogoro wote hapo hapo, kwa sababu mzee aliyepata kodi yake hasira inampungua.

MWENYE FREMU: Karatasi ya namna hiyo ina nguvu gani?

MWANASHERIA: Ina nguvu ya ushahidi. Andika kwenye risiti: nimepokea shilingi 150,000 kwa matumizi ya fremu mwezi fulani, bila kuathiri notisi niliyoitoa tarehe fulani wala shauri lililopo. Mpangaji naye aandike: nimelipa bila kukubali uhalali wa notisi. Wote msaini, shahidi asaini. Hofu zenu mbili zimekwisha kwa sentensi mbili.

MPANGAJI: Na kama harudi kwenye akili, anakataa kupokea kabisa?

MWANASHERIA: Basi siku unayoomba zuio, omba pia amri ya kuweka kodi barazani au kwenye akaunti itakayotajwa. Baraza linapotoa zuio la muda lina uwezo wa kuliwekea masharti. Vigezo vya zuio vinajulikana tangu shauri la Atilio dhidi ya Mbowe la mwaka 1969: kuwe na jambo la msingi la kuamuliwa, kuwe na hasara isiyoweza kufidiwa kwa fedha, na ipimwe nani ataumia zaidi. Mpangaji anayekuja na kodi yake mkononi ana uzito tofauti kwenye kile kigezo cha tatu. Anayekuja mikono mitupu anaomba baraza limfadhili kwa fedha ya mwenzake.

Mimi nakwenda mbali kuliko mwanasheria. Nasema zuio lolote la kumbakiza mpangaji wa biashara ndani ya fremu lisitolewe bila amri ya kodi, hata kama hakuna aliyeiomba. Kodi ya mwisho isiyobishaniwa ilipwe kila mwezi kwa mwenye nyumba, au iwekwe barazani akikataa. Tofauti inayogombewa isubiri hukumu. Mama hakukubaliana nami, na hoja yake ina uzito.

MPANGAJI: Unaandika hivyo kwa sababu huuzi vitu. Mei 2020 malori yaliposimama mpakani, kuna siku sikuuza hata katoni moja ya maji. Ukiniwekea amri kwamba nisipoweka kodi tarehe tano zuio linakufa, mzee hahitaji tena kushinda kesi. Atasubiri mwezi mmoja mbaya tu.

MWENYE FREMU: Na mimi mwezi mbaya wa benki nitausubirisha kwa nani?

MPANGAJI: Baba, mkopo ni wako. Ulipojenga hukuniuliza.

MWENYE FREMU: Na biashara ni yako, binti yangu. Ulipofungua hukuniuliza.

MWANASHERIA: Kisheria mzee ana nguvu zaidi hapo. Biashara kudorora hakufuti kodi. Aliyekodi fremu amekodi nafasi, hakukodi wateja. Jengo lenyewe likiharibika ni jambo jingine. Sheria ya Ardhi inasema fremu ikiharibiwa na moto, mafuriko, radi au tetemeko bila kosa la mpangaji, ikawa haifai kutumika, kodi inasimama kwa kiasi cha uharibifu mpaka itengenezwe. Kagera inajua maana ya sharti hilo tangu tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016.

Nakubali sehemu ya hoja ya mama. Amri ya kodi isiwe mtego wa siku moja. Baraza liweze kutoa nafasi ya kuomba muda kwa mwezi mmoja uliokuwa mbaya, kwa ushahidi. Lakini kukosa kwa mwezi mmoja na kutolipa kwa miezi 14 ni mambo mawili, na yeye mwenyewe, alipoulizwa, alikiri kwamba katika miezi mingi ya ugomvi fedha alikuwa nayo. Aliitumia kuongeza mzigo dukani. Zuio la muda hutolewa kwa miezi isiyozidi sita, na likiongezwa lote lisipite mwaka. Mtu anayepewa muda huo akakaa bila kulipa anakuwa amepewa mkopo usio na riba kutoka kwa mtu asiyempenda. Haki ya namna hiyo haiwezi kudumu.

Sasa kufuli. Hapa namgeukia mzee bila kumwonea haya.

MWENYE FREMU: Jirani yangu alifunga kufuli, mpangaji akaja kulipa siku ya pili. Njia fupi.

MWANASHERIA: Njia fupi na ya gharama. Mwenye nyumba ana wajibu wa kumwacha mpangaji atumie eneo kwa amani bila kuingiliwa. Sheria imeuweka ndani ya kila mkataba hata kama haukuandikwa. Unapofunga kufuli bila amri ya baraza au mahakama, umemnyima kile anacholipia. Kwa siku zote za kufuli huwezi kudai kodi. Na humo ndani kuna unga, maharage, vinywaji, labda friji ya samaki. Vikiharibika, dai linageuka: uliyekuwa unadai unadaiwa.

MPANGAJI: Waambie pia wanaotoa vyombo nje usiku.

Mfano mkubwa wa kutolewa vyombo nje nchini mwetu haukuwa wa usiku wala wa mji mdogo. Septemba 2016 Shirika la Nyumba la Taifa lilitoa nje vyombo vya kampuni iliyokuwa ikiendesha ukumbi wa Bilicanas, Dar es Salaam, likidai kodi inayozidi shilingi bilioni moja. Kampuni ilikwenda mahakamani ikieleza kwamba ilikuwa mbia wa Shirika katika jengo lile, si mpangaji wa kawaida. Nani alikuwa sahihi si mada yetu. Ninachokiona pale ni kwamba deni liliachwa likue kwa miaka huku pande zikibishana kuhusu jina la uhusiano wao. Kama kiasi fulani kisichobishaniwa kingekuwa kinalipwa au kuwekwa mahali, zoezi la kubeba meza na viti mbele ya kamera lisingekuwa na sababu.

Majirani zetu wamelipanga jambo hili vizuri zaidi. Kenya ina sheria yake ya mwaka 1965 kwa ajili ya maduka, hoteli na sehemu za chakula. Mpangaji asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba usiozidi miaka mitano, hupewa notisi ya miezi miwili. Akipinga anakwenda kwenye baraza maalumu la kodi za majengo ya biashara, na notisi inasimama mpaka uamuzi utoke. Wakati huo masharti ya zamani yanaendelea, kodi ya zamani ikiwemo. Uganda nayo mwaka 2022 ilitunga sheria inayokataza kumtoa mpangaji bila amri ya mahakama. Sisi tulipofuta sheria ya 1984 hatukuweka nyingine ya wapangaji wa biashara mahali pake. Tumebaki na vifungu vya Sheria ya Ardhi ambavyo mzee wa Benaco na mama wa dukani hawajawahi kusomewa.

MJUMBE WA BARAZA: Kuna jambo la TRA nalo. Watu huja na karatasi za mkataba, baraza la wilaya linazikataa.

MWANASHERIA: Kwa sababu hazijalipiwa ushuru wa stempu. Ni asilimia moja ya kodi ya mwaka. Kwa fremu ya 150,000 ni shilingi 18,000 tu, lakini bila hiyo karatasi haipokelewi kama ushahidi mpaka ilipiwe na faini yake. Na mpangaji wa biashara anatakiwa kukata asilimia 10 ya kodi ya pango na kuipeleka TRA kama kodi ya zuio. Kwa laki na nusu ni 15,000. Mzee anapokea 135,000 pamoja na uthibitisho wa zile zilizokatwa.

MWENYE FREMU: Mbona hakuwahi kukata?

MPANGAJI: Ulisema nikikata nihame.

Kila mtu akanyamaza kidogo hapo, na nadhani wengi wa wasomaji wanaelewa kwa nini. Makubaliano ya kukwepa yanafanya kazi vizuri mpaka siku ya ugomvi. Siku hiyo mwenye fremu hawezi kuonyesha mkataba wenye stempu, mpangaji hawezi kuonyesha alichokata, na wote wanatakiwa kuthibitisha kodi halisi ilikuwa kiasi gani kwa kumbukumbu za simu. Na penye kodi ya mwaka mzima iliyolipwa mapema hatari ni kubwa zaidi: jengo lililo ndani ya hifadhi ya barabara, mita 30 kutoka katikati ya njia kuu, likiwekewa alama ya X na kubomolewa mwezi wa nne, mpangaji ana haki ya kurudishiwa kodi ya miezi minane asiyoitumia. Ataidai kwa karatasi gani?

MWENYE FREMU: Basi tuseme nikubali. Nipokee laki na nusu kila mwezi, risiti iandikwe hivyo mnavyosema, kesi iendelee. Nikishinda, zile laki moja moja nitazipata?

MWANASHERIA: Ukithibitisha hasara, unaweza kuzipata. Usipothibitisha, utakuwa umepata 2,100,000 bila kuzifukuzia, na fremu yako.

MPANGAJI: Na mimi nikishinda?

MWANASHERIA: Utakuwa mpangaji asiye na deni. Mzee atakupa notisi nyingine, safari hii ya mwezi mmoja, na itakuwa halali. Mama, nakwambia ukweli ili usiweke maisha yako yote kwenye kesi hii: unachokipigania ni muda wa kuhama kwa utaratibu, na dai la stoo yako. Kwenye fremu ya kupanga mwezi kwa mwezi, zaidi ya hapo hakuna.

Mama hakujibu hilo. Aliuliza tu kama mkataba mpya wa miaka miwili, wenye kodi ya 200,000 na stoo imeandikwa, ungehitaji stempu ya kiasi gani. Mjumbe wa baraza akapiga hesabu: kwa kodi ya mwaka ya 2,400,000, asilimia moja ni 24,000. Mzee akasema atafikiri.

Nawaomba wenyeviti wa mabaraza ya ardhi na nyumba wanaosikiliza mashauri ya Ngara na Biharamulo waanze kuandika sentensi moja zaidi kwenye kila zuio la fremu: kodi ya mwisho isiyobishaniwa ilipwe au iwekwe kabla ya tarehe fulani ya kila mwezi. Hawahitaji sheria mpya kufanya hivyo. Kwa mwenye fremu: pokea, andika risiti, acha kufuli. Kwa mpangaji: ukiwa na ufunguo, unadaiwa. Sheria ya ukomo inampa mwenye nyumba miaka 6 ya kudai malimbikizo ya kodi, na miaka hiyo haifutiki kwa sababu uliwahi kushinda hoja ya notisi.